Tusikisingizie Kiswahili, mikataba tunaivuruga wenyewe

Mhariri, salaam nyingi kwako na kwa wenzako hapo chumba cha habari.

Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwenye ukurasa huu kwamba mikataba ya biashara iandikwe Kiingereza tu, eti Kiswahili "kinaelea" na hakina maneno ya kumbana mtu. Mi si mwanasheria, niseme mapema. Kazi yangu ni kuchapa, nina kompyuta mbili na printa moja inayokwamakwama, na kwa miaka mingi watu wananiletea mikataba yao niwachapie, ya kuuziana, ya kukodishana, ya ubia, ya fundi na mwenye jengo, ya ndugu kumkopesha ndugu ambao baadae hawasalimiani. Karatasi nimeziona nyingi sana, na kila ugomvi ulionirudia pale mezani ukiufuatilia unakuta lugha ilikuwa na neno la kutosha kabisa, ila aliyeandika alikuwa na haraka. Na mara moja aliyekuwa na haraka ni mimi.

Nilikodi mashine ya fotokopi kwa jamaa mmoja, mtu mzuri tu, tunaheshimiana mpaka leo. Mkataba nikauchapa mwenyewe, nani mwingine? Nikafungua faili la zamani la watu wengine, nikakopi, nikapesti, nikabadilisha majina na tarehe, dakika kumi kazi imeisha. Kipengele cha sita kilisema hivi: "Mkodishaji atabeba gharama zote za matengenezo ya mashine." Tukasaini, mashahidi wakasaini, tukapeana mikono. Mwezi wa nne dramu ikafa, ile silinda ya ndani inayobandika wino kwenye karatasi, kila karatasi inatoka na mstari mweusi katikati kama barabara ya lami, nikampigia simu nikamwambia bosi mashine yako imekufa huku, niletee fundi. Akacheka. Akaniambia kaka soma kipengele cha sita, mkodishaji ni nani? Nikamwambia mkodishaji si wewe uliyenikodisha? Akasema wapi, mkodishaji ni wewe uliyekodisha kwangu.

Sasa hapo ndo mjue. Ukienda na kamusi mi niko sawa, kukodi ni kuchukua kitu cha mtu kwa malipo na kukodisha ni kukitoa, ile -sha ina kazi yake pale. Lakini watu tunaongeaje? Mtu anapanda gari la kukodi anakwambia "leo nimekodisha gari", na kila mtu anamwelewa. Nikaufungua tena ule mkataba ili nimwonyeshe, macho yakaangukia kipengele cha pili: "Mkodishaji atalipa kodi ya mwezi kila tarehe 5." Na aliyekuwa analipa kila tarehe 5 ni mimi! Yaani karatasi moja, neno moja, kule juu ni mimi na huku chini nataka liwe yeye. Nilikaa kimya kwenye simu muda mrefu tu.

Tukaona tusigombane, tukamfuata wakili tunayefahamiana naye akatuambia kuna kanuni ya zamani inayofuatwa na mahakama za nchi nyingi, kwamba kifungu kikiwa na utata kweli kweli na njia zingine za kukielewa zimeshindikana, basi kinasomwa kwa namna inayomuumiza yule aliyekiandika. Akauliza, nani aliandika? Wote wawili wakanigeukia. Tukamalizana palepale, dramu nikanunua mimi na ufundi akalipa yeye, lakini nilivyorudi nyumbani nililala na lile neno kichwani.

Siku hizi kwangu "mkodishaji" haliingii kwenye mkataba wowote. Naandika "Mwenye Mashine" na "Mtumiaji", au "Mwenye Gari" na "Mchukua Gari", hata kama haipendezi masikioni, na nikishampa mtu jina pale mwanzo ndo hilohilo mpaka mwisho wa karatasi. Shuleni tulifundishwa tusirudierudie maneno, insha ipendeze, mara "mnunuzi", mara "mteja", mara "mhusika". Kwenye insha sawa. Kwenye mkataba ukiandika "mnunuzi" huku na "mteja" kule kuna siku mtu atakuuliza hawa ni watu wawili au mmoja, na hatakuwa anatania.

Na kukodisha hakuko peke yake. Kuna kuazima, "aliyeazima atawajibika kikipotea", aliyeazima ni aliyetoa au aliyepokea? Wapo wanaosema hivi na wapo wanaosema vile, na wote wamezaliwa na Kiswahili chao. Kuna "dhamana", neno hilohilo ni ahadi ya muuzaji kwamba kitu kizima, ni mali uliyoweka ili ukopeshwe, ni yule anayesimama badala yako usipolipa. Kuna "faida", ambayo imevunja ubia mwingi kuliko wizi, mnakubaliana kugawana faida nusu kwa nusu, mmoja anahesabu kilichobaki kabla ya kulipa kodi na mishahara na mwenzake anahesabu kilichobaki baada ya vyote, na hamna mwongo hapo.

Tuje kwenye saa, hapa naomba wasomaji wanisamehe maana nina hasira napo. Mkataba unasema "mzigo ukabidhiwe kabla ya saa 10:00". Ukiisoma kwa sauti ya Kiswahili hiyo ni alasiri. Ukiisoma kwenye uso wa simu yako ni saa nne asubuhi. Ni masaa sita kati ya hapo, na masaa sita yanatosha meli kuondoka. Sipendi kabisa kuona namba tupu ya saa kwenye mkataba wa Kiswahili, naandika "saa kumi alasiri (16:00)", naandika zote mbili na wala sioni aibu. Usiku nao una kesi yake. "Usiku wa Ijumaa" kwa wazee wetu ni ule unaoanza Alhamisi jua likizama, manake siku yao inaanza magharibi, kwa vijana ni Ijumaa yenyewe jioni watu wakitoka kazini. Nyie waandishi wa habari mnalijua hilo ndo maana mnaandika "usiku wa kuamkia Ijumaa". Sisi wa mikataba mbona hatuigi? Tarehe vilevile, 03/04 kwetu ni tatu mwezi wa nne, kwa Mmarekani ni nne mwezi wa tatu, andika mwezi kwa jina lake, herufi chache tu hizo hazimalizi wino.

Halafu kuna sentensi ambayo nimeichapa mara nyingi kuliko jina langu: "Malipo yatafanyika ndani ya siku 30 baada ya kupokea." Kupokea nini? Mzigo? Ankara? Walikuja mezani kwangu vijana wawili, mmoja ameshika karatasi na mwingine ameshika simu yenye picha ya karatasi hiyohiyo, mzigo ulifika mwanzo wa mwezi na ankara ikatumwa wiki mbili baadae, mmoja anasema umeshachelewa kunilipa na mwingine anasema bado nina siku kibao. Wote wanasoma sentensi moja. Nikawauliza wakati mnasaini mlielewanaje? Wakasema hatukuliongelea, tuliona kama limekaa vizuri tu. Nayo kweli limekaa vizuri, limepumzika kabisa. Na hizo siku 30 ni pamoja na Jumapili na sikukuu au ni siku za kazi tu? Na mwezi je, ni siku 30 au ni kutoka tarehe 12 hadi tarehe 12?

Huyo msomaji mwenzangu atasema umeona sasa, umenithibitishia, Kiswahili ni balaa. Subiri kwanza.

Nenda Uingereza mwaka 1864. Kuna kesi inafundishwa mpaka leo vyuo vya sheria, ya Raffles na Wichelhaus, wameuziana marobota 125 ya pamba itakayofika na meli inayoitwa Peerless kutoka Bombay. Kiingereza safi, tena cha wafanyabiashara wazoefu. Shida ni kwamba meli zilizoitwa Peerless zinazotoka Bombay zilikuwa mbili, moja iling'oa nanga Oktoba na nyingine Desemba, mnunuzi akilini ana ile ya Oktoba na muuzaji ana ile ya Desemba. Pamba ya Desemba ilipofika mnunuzi akaikataa, wakaenda mahakamani na mnunuzi akashinda. Neno moja tu "ya Oktoba" lingemaliza kila kitu.

Au nenda New York mwaka 1960, kesi ya kuku. Kampuni ya Uswisi imeagiza kuku wa kugandishwa Marekani, ikaletewa kuku wazee wenye nyama ngumu, wale wa kuchemsha mpaka jiko likuchoke. Mnunuzi akasema mi nilitaka kuku wachanga wa kukaanga, muuzaji akasema kwani hawa si kuku? Jaji Henry Friendly akaanza hukumu yake kwa kusema swali lenyewe ni kwamba kuku ni nini, na baada ya kupitia kamusi, kanuni za serikali, mazoea ya soko na bei zilivyokuwa, akaona mnunuzi hajathibitisha kwamba neno lile lina maana finyu aliyoitaka, akashindwa. Sasa utamu wa kesi ile, Mhariri, na hapa nataka mwenzangu asome polepole, ni kwamba zile simu za maandishi, yaani telegramu, walizotumiana ziliandikwa kwa sehemu kubwa Kijerumani, ila neno la kuku wakaliweka kwa Kiingereza, na mnunuzi alieleza kwamba kwa uelewa wake la Kiingereza lingebana kuku wachanga tu wakati la Kijerumani linabeba wote. Yaani alikimbilia Kiingereza ili aeleweke!

Ya tatu ni ya Kanada, kampuni mbili za mawasiliano na mkataba wa kutumia nguzo za nyaya. Kifungu kinasema mkataba utadumu miaka mitano, na baada ya hapo utaendelea kwa vipindi vya miaka mitano mitano, kisha koma, isipokuwa ukivunjwa kwa notisi ya mwaka mmoja. Swali likawa hiyo notisi ya mwaka mmoja inahusu vipindi vya baadae tu, au hata ile miaka mitano ya mwanzo? Mwaka 2006 mamlaka ya mawasiliano ikasema kwa jinsi koma ilivyokaa, hata miaka ya mwanzo unaweza kuvunja, hesabu inayotajwa hapo ni kama dola milioni moja za Kanada. Mwaka 2007 wakageuza uamuzi. Unajua kilichowageuza? Maneno yale yalikuwa na nakala ya Kifaransa, na Kifaransa kilikuwa hakina utata. Koma, ndugu zangu. Mi mwenyewe koma nazimwaga kama mnavyoona kwenye barua hii, ila hii ni barua tu.

Kwahiyo ukimbilie Kiingereza, ukimbilie Kijerumani, utata unakufuata kwasababu umeubeba mwenyewe mfukoni. Tena nasema hivi, Kiswahili kuna mahali kinabana kuliko hizo lugha. Chukua "mizigo ya wateja waliochelewa" na "mizigo ya wateja iliyochelewa". Herufi chache zimebadilika na ujumbe umebadilika wote, pale wamechelewa watu, hapa imechelewa mizigo, hakuna wakili atakayekugeuzia hiyo. Kiingereza hapo lazima kizunguke. Hizi ngeli tunazolalamika shuleni kwamba ni ngumu ndo zinamshika mtu mkono na kumwonyesha kitu gani kinasemwa. Shida inakuja wakiwa watu wawili, maana wote wa ngeli moja, "Muuzaji atamjulisha mnunuzi akibadilisha anwani". Nani amebadilisha? Hapo ngeli haikusaidii, lazima ukate tamaa ya kufupisha na urudie jina, "Muuzaji akibadilisha anwani, Muuzaji atamjulisha Mnunuzi". Mbaya kwa mdomo, tamu kwa mkataba.

Angalia na hii, "Vifaa vyote havitarudishwa." Havirudi hata kimoja, au vingine vitarudi ila si vyote? Kiswahili kina njia mbili tofauti kabisa za kusema hayo, "hakuna kifaa kitakachorudishwa" au "si vifaa vyote vitakavyorudishwa", tunaacha zote mbili tunaandika ya katikati. Na "uharibifu uliosababishwa na maji na moto", lazima viwe vyote viwili? Andika "au", halipigi kelele.

Kuna hili la "ata-". "Mkandarasi atamaliza kazi mwezi wa sita." Hiyo ni ahadi au ni utabiri wa hali ya hewa? Kama ni lazima andika lazima, kama ni hiari andika anaweza, na usichanganye. Mwenye kudhani ni jambo dogo akumbuke Mkataba wa Wuchale wa mwaka 1889 kati ya Menelik II wa Ethiopia na Italia, najua ule ni wa mataifa si wa biashara, lakini ugonjwa ni uleule. Kifungu cha 17 kwa Kiamhari kilisema Menelik anaweza kuitumia Italia kwenye mambo yake na mataifa mengine. Kwa Kiitaliano kikawa kinamfunga kuitumia, na Italia ikatangaza kwamba Ethiopia iko chini ya himaya yake. Menelik akaukana ule mkataba mwaka 1893, na tarehe 1 Machi 1896 wakakutana Adwa, Waitaliano wakashindwa vibaya. Wengine wanasema kosa lile halikuwa bahati mbaya, na mi naamini hivyo, kuna watu wanapenda utata kwasababu wanajua watautumia lini. Ndo maana mkataba wenye lugha mbili lazima useme nakala ipi itafuatwa zikitofautiana. Mstari mmoja tu huo, nimeona mikataba ya kurasa ishirini isiyo nao.

Vipimo sitavisema sana. Ila ukiandika "tani" na unanunua nje, jua kuna tani ya kilo 1,000, kuna ya Kimarekani ya kilo 907 na ya zamani ya Kiingereza ya kilo 1,016, galoni ya Marekani ni lita 3.785 na ya Uingereza ni 4.546. Andika kilo na lita upumzike. Na nani analipia usafiri na mzigo ukizama njiani hasara ya nani, wenzetu walishachoka kugombana zamani, Chemba ya Kimataifa ya Biashara (ICC) kule Paris ilitoa mwaka 1936 masharti yanayoitwa Incoterms, toleo la 2020 yako 11, unataja sharti lako, mahali na mwaka wa toleo, imeisha.

Siku hizi mtu akija na mkataba simchapii kimyakimya. Namuuliza maswali ya kijinga. Asipolipa? Akilipa nusu? Mzigo ukifika umelowa? Mmoja wenu akifariki, mwenyezi Mungu aepushe? Wengine wanakasirika, juzi mzee mmoja aliniambia wewe kijana kazi yako kubonyeza, bonyeza. Nikabonyeza. Lakini wengi wanatazamana, wanatoka nje wanaongea, wanarudi na kipengele kipya. Alafu nikishamaliza namwita binti anayekaa meza ya jirani, hajui chochote kuhusu dili lao, namsomesha kwa sauti mbele yao na namwambia atueleze nani anatakiwa afanye nini na lini. Akikwama sehemu najua pale pana shimo. "Mapema iwezekanavyo" hajawahi kuivuka hata siku moja, anauliza "lini sasa?", na wale wakubwa wawili wanaanza kujibu kwa pamoja majibu mawili tofauti.

Mwisho Mhariri nina langu dogo na nyie. Pale chini ya ukurasa wenu wa barua mmeandika kwamba barua za toleo lijalo zipokelewe "kabla ya Ijumaa saa sita". Saa sita ya mchana au ya usiku, na kama ni ya usiku, ni usiku upi? Hii nimeituma Jumatano.

Mchapaji, msomaji wenu wa siku nyingi